Ufunguo Nilioutoa kwa Huruma

Novemba, Oulu, saa tisa alasiri na giza limeshatanda,
Ilpo alikuja mezani na barua mfukoni.
Kiwanda cha karatasi kimefungwa.
Miaka kumi na tisa. Alirudisha kofia, viatu, kitambulisho,
na shada la funguo lililomkaa kiunoni
hata leo akitembea huinamia upande ule.

Usiku huo mimi, msimulizi, mwenye daftari na pazia la kadibodi,
mwenye milima na mazimwi na bei ya kila mkate sokoni,
nilimwekea pangoni, chini ya jiwe,
ufunguo wa shaba usiozidi kidole.
"Unafungua nini?" akauliza.
Ningesema: sanduku. Ningesema: malango ya mji mmoja.
Nikamtazama kiuno.
"Chochote," nikasema.

Silabi tatu. Nilizilipia majira yote ya baridi.

Alifungua hazina ya mfalme, sawa.
Alifungua mlima, ukatema mto.
Alifungua kinywa cha shahidi aliyeapa kunyamaza,
kaburi, dhoruba, kifua cha jemadari,
na joka nililolilea miezi minne,
nikilichora gamba kwa gamba kwenye basi la kwenda kazini:
akalifungua kama kopo la samaki.
Jarmo alipiga meza kwa furaha. Hiyo ni wiki ya kwanza.
Wiki ya tatu alikuwa akisoma simu.

Tuulikki hakusema kitu.
Mhusika wake ni mwizi, jina lake Kidole-Baridi.
Miaka miwili kila pointi aliyoipata aliitia kwenye makufuli:
kusikiliza pini, kubembeleza springi,
kuhesabu pumzi za mlango.
Pembeni mwa karatasi alivichora vyombo vyake kumi na kimoja,
vyembamba kama miiba ya samaki.
Sasa juu yake ameweka kikombe cha kahawa.
Kimeacha duara. Hakulifuta.

Nikapanga. Kunguru aje auibe. Kutu iule.
Mchawi apige magoti, auazime, asirudi.
Kila mbinu niliyoiandika ilinuka wizi,
na kwa mtu aliyekwisha kuvuliwa funguo mwaka huu
sikutaka kuwa wa pili kumwambia: ziweke hapa mezani.

Februari, Venla akikata mkate wa iliki, niliweka kalamu chini.
"Nimekosea kipimo. Si ninyi, ni mimi.
Nilitoa kwa huruma kitu kilichotaka hesabu."
Kimya. Bomba la joto likagonga ukutani.
Ilpo akageuza dadu vidoleni.
"Nilijua," akasema, "tangu siku ya joka.
Ukifungua kila kitu hubaki na mlango, unabaki na upepo.
Lakini ulikuwa mtamu, jamani. Ulikuwa mtamu kweli."

Hakuna aliyetaka uvunjwe. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa.
Jarmo alitaka utumike mara moja kila mwezi mpevu.
Venla alitaka damu; Venla hutaka damu siku zote.
Ilpo ndiye aliyesema: anayefungua na afunge.
Kila kitakachofunguka mbele yake,
kimoja chake kifungwe nyuma yake,
na mchaguzi awe yeye, si mimi.
Akaandika bei ya kwanza bila kuombwa:
njia ya kurudi kwao.

Kisha akanyosha mkono,
akakiinua kile kikombe kutoka kwenye karatasi ya Tuulikki.

"Mbele yenu," nikasimulia, na sauti ilinikwama kidogo,
"mlango wa barafu nyeusi. Hauna tundu.
Ufunguo unauzunguka kama nzi dirishani."

Tuulikki akapandisha mikono ya sweta.
Alihitaji kumi na saba.
Dadu lilitoka kiganjani, likagonga sahani,
likaparaga ukingo wa daftari langu,
likazunguka juu ya ncha moja,
na sisi watano, watu wazima wenye madeni na watoto,
tukajikuta tumesimama,
tunaogopa.