Soli ya Kulia

Fundi Kasanda wa Isevya
aligeuza viatu vyangu juani.
"Mwalimu Nyamizi, cha kushoto kimelika kisigino,
kama cha mtu yeyote.
Cha kulia kimelika ncha.
Mguu unaburuta. Tangu lini?"

Nikasingizia mchanga wa Tabora.

Usiku nikahesabu:
kujikwaa kizingitini Jumanne,
hatua za ofisini hadi darasa la sita,
zamani mia na kumi,
juzi mia na thelathini.

Kitete, daktari alishika saa:
"Tembea hadi ukutani."
Mita nane tu.
Jina la ugonjwa lilifika baadaye, na picha kutoka Dodoma:
neva zimechunika kama nyaya.

Kasanda hakutaka hela.
Alipigilia kipande cha tairi pale nchani.
"Kilete tena mwezi ujao
nikisome."