Kata Haimo Kwenye Karatasi

Sikuja kwa ajili ya tembo.
Nilikuja kwa ajili ya mkono huu wa kushoto,
plasta waliyonifunga Bombo
wakanirudisha Kigombe na vidonge na miadi ya Jumatano.

Nesi Mwatumu akavibonyeza vidole kimoja kimoja.
Vinawasha? Vinawasha.
Kisha akausukuma mlango kwa kisigino, akafungua daftari:
"Haya nawauliza wote,
mwenye kikohozi na mwenye mimba.
Unaweza kukataa."

Wote! Nikachungulia benchi kwenye upenyo wa pazia.
Hata Bi Mwanakombo, na tasbihi yake?
"Hata yeye. Na alinijibu."

Mara ngapi kwa wiki?
Kila alfajiri, nikasema, mimi mgema, lazima nionje,
asiyeonja atauza siki.
"Kuonja ni kiasi gani?"
Akageuza karatasi ya picha:
chupa ya bia, glasi ya mvinyo, kiglasi cha pombe kali.
Nikatafuta kata, sikuiona.
Nesi, karatasi yenu haijafika Kigombe.

Hakukasirika. Akanipa kalamu. "Nichoree."
Nikachora kifuu na mpini wake, vibaya, kama mtoto wa chekechea.
Cha nazi kubwa au ndogo?
Kubwa.
Akaleta jagi lenye mistari, na beseni,
tukawa tunamimina maji na kuhesabu.

Miaka kumi na tisa nawapimia watu.
Namjua wa kata mbili na wa kata saba,
namjua wa kulipa kwa samaki na wa kulipa kesho.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
mimi sijasifiwa kiasi hicho.
Ila yangu sijawahi kuipima.
Ya alfajiri, huko juu, kabla buyu halijashuka.
Ya adhuhuri, ya kusuuza koo.
Ya jioni haina idadi, jioni ni ya wateja,
na mteja akikukaribisha utamwambia nini?

Beseni likafurika.

"Siku ile ulipoanguka..."
Kidato kiliteleza, nikasema. Mvua.
Akaandika neno moja. Sijui kama ni mvua.
Mwezi ule haikunyesha hata tone.

Jahanamu hakunitajia, hiyo huisikia Ijumaa.
Aliomba ruhusa:
"Nikueleze inavyoufanya mwili?"
Wanaonikaripia hawajawahi kubisha hodi.

Halafu: "Toka sifuri hadi kumi,
hamu yako ya kupunguza iko wapi?"
Nne, nikasema, nimfurahishe.
Nikangoja aniulize mbona si kumi.
"Mbona si sifuri?"

Nikakwama.
Mnazi unaupanda kwa vidato;
swali hili lilikuwa shina tupu.
Nikakisikia kinywa changu:
binti yangu Riziki hulishika shina nikipanda,
mikono yote miwili,
kana kwamba mnazi ukiyumba ataudaka.
Ana miaka minane.
Siku ile alikuwa amelishika.

Nesi aliifunga kalamu, akaifungua tena.

Sikusema naacha, sitaki kukudanganya.
Ya alfajiri nionje kwa ncha ya ulimi, niteme.
Jioni kata mbili, basi.
Na siku mbili bila hata tone, nichague mwenyewe.
Nikachagua Jumatatu na Alhamisi.
Akatabasamu, maana siku hizo anazijua,
ila hakulisema.
Akaandika kwenye kikaratasi cha dawa.
Nimekikunja ndani ya ala ya kotama.

Leo Alhamisi.
Mdogo wangu ndiye anayepanda, mimi napima.
Kidawa amegonga kata yangu kwa kucha:
karibu, mgema, usione haya.
Nikamwambia plasta inawasha.
Akacheka. Plasta na koo wapi na wapi?

Kweli, wapi na wapi.
Nikamjazia yake.
Yangu imelala kifudifudi juu ya meza,
na inzi mmoja anaizunguka.
Jumatano, bado siku sita.