Stoo, Mwezi wa Tano

Masika yamemeza barabara ya Mambrui.
Mbeyu kaipandisha baiskeli juu ya matofali,
gurudumu la nyuma linaning'inia
kati ya gunia la mkaa na kitanda kibovu cha bibi.
Ukanda wa tairi kuukuu umebana rimu:
huo ndio mlima.

Saa ya ukutani ilikata roho zamani,
basi anapima kwa redio ya jirani:
taarabu moja, taratibu;
tangazo la sabuni, kufa na kupona.

Mapaja yanawaka. Bati linavuja sufuriani.

"Umefika wapi?" Kahaso mlangoni,
mkate wa sinia mdomoni.

"Daraja la Sabaki. Usinisemeshe,
upepo wa mbele."

Mtoto akatazama huku na huku.
Akaokota kipepeo cha mkaa,
akasimama mbele ya usukani,
akapepea kwa nguvu zote.