Ukurasa wa Katikati

Kilikuja na kabati la Wafini,
siku mradi ulipofunga nyumba zake Shangani
na kila kitu kikauzwa: feni, pasi, vitanda vya watoto.
Mama alinunua kabati.
Nyuma ya droo kulikuwa na gazeti la picha
limejikunja kama ulimi wa kiatu.

Neno jarida hatukulijua. Tulikiita Kitabu.
Nani ana Kitabu? Kiko kwa Mfaume.
Nawa mikono ndipo ushike Kitabu.

Ndani, vijana wenye nywele kama ndevu za mahindi
wamepanda vibaiskeli vya kitoto
na hakuna hata mmoja anayekwenda popote.
Hilo ndilo lililotushangaza.
Kwetu baiskeli ilikuwa na safari:
gunia la korosho hadi ghalani,
mgonjwa hadi Ligula,
madumu mawili ya maji na la tatu juu yake.
Hawa walisimama juu ya gurudumu la mbele,
la nyuma likinusa mawingu,
na hawakubeba hata kitunguu.

Lipei akaikata Phoenix ya marehemu babu yake,
usiku, shangazi asione.
Akafupisha shingo, akachomelea vipande vya bomba
kwenye ekseli, tupate pa kukanyaga.
Tukaipaka rangi ya milango. Haikukauka msimu mzima.
Wote tulitembea na kijani makalioni.

Kiwanda cha korosho kilikuwa kimekufa zamani
ila sakafu yake ya kuanikia haikujua.
Saruji tupu, pana, bado inanuka mafuta ya maganda.
Mlinzi alitutoza sigara moja kwa jioni nzima,
akaketi kutuhesabia mianguko.
"Kumi na saba," alisema. "Jana ishirini. Mnaendelea vizuri."

Somoe binti Ausi ndiye aliyekuwa msomaji wetu.
Kiingereza hakukijua kutuzidi,
lakini alisema: msitazame mtu, tazameni kivuli.
Kivuli kimeachana na tairi shubiri nne.
Kwa hiyo huyu karuka, hakuinuliwa.
Tukapima shubiri nne ukutani kwa mkaa.
Tukaruka.

Majina yao yalitushinda, tukawabatiza upya:
Bwana Soksi. Bati la Meno. Kofia ya Chungu.
Somoe alimpenda Kofia ya Chungu,
nami nikamwonea wivu mtu wa karatasi
mwaka mzima.

Kitabu kilikuwa na kosa moja.
Kurasa sitini na nne, na wote wako hewani.
Kutua tulijifundisha wenyewe,
kwa magoti, kwa kidevu cha Mfaume,
kwa jino langu ambalo hadi leo
liko mahali fulani pale sakafuni
au lilipita tumboni mwa kuku wa mlinzi.

Halafu Mfaume akaitwa jeshini, Nachingwea.
Lipei akafuata mashine za kuchomelea Dar.
Jioni ya mwisho tuling'oa pini mbili,
tukagawana kurasa kama nyama ya sadaka.
Ukurasa wa katikati tuliugombania,
mwishowe tukaupasua kwa wembe:
Somoe akachukua uso, usukani, anga.
Mimi nikabaki na gurudumu la nyuma,
kiatu kimoja, na kivuli chote.

Siku hizi sakafu imejaa makontena.
Somoe anashona sare za shule Masasi,
hatujaonana miaka kumi na moja.
Mwanangu hutazama mambo hayo kwenye simu.
Kule wanatua. Wote wanatua,
na akitaka anawarudisha juu kwa kidole.

Juzi nikamtolea karatasi yangu.
Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele,
akapima kivuli kwa macho kama aliyefunzwa.
"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Masasi," nikasema.