Majivu Hayazeeki

Chupa ilikuwa nyuma ya kabati la maabara,
kizibo cha nta, karatasi ya manjano kama jino la mvuta tumbaku.
Wino umepauka, ila unasomeka:
makaa ya mawe, 1887, shimo namba tatu,
majivu sita kwa mia.
Jina la mgodi limeliwa na mende.
Hakuna ajuaye nani aliileta Lubumbashi,
kwa reli gani, ya nini.

Mzee Kapya, aliyenifundisha mizani, alizoea kusema:
jiwe halina mdomo, lina gramu.
Basi nimelisaga, nimelichekecha,
gramu moja kamili ndani ya kikombe cha kaure.
Dirisha nimelifunga. Upepo wa Julai
hauna adabu mbele ya mizani.

Saa nzima kwa nyuzi mia na tano, maji yatoke.
Gramu nyingine, kifuniko juu, dakika saba
kwenye moto mweupe, gesi itoroke.
Gramu ya tatu, ya majivu, ndiyo kwanza iingie

umeme ukakatika.

Nikasimama barazani. Ng'ambo ya barabara
Mama Ngosa alikuwa akipanga makala kwenye ndoo,
anagonga kipande kwa kipande.
Kinacholia kama sahani, anakiweka juu.
Kinachonyamaza, chini.

Umeme ulirudi saa nne usiku.
Nyuzi mia nane na kumi na tano. Nikangoja.
Kikombe kikatoka na vumbi jekundu,
karibu na rangi ya njia za Ruashi.
Nikapima. Nikashuku mizani, nikashuku mkono wangu,
nikachoma gramu nyingine, nikapima:
kumi na nne.

Maji huja na kwenda. Gesi huchoka ndani ya chupa.
Lakini majivu hayazeeki,
hayazaani kwa kulala gizani.
Ile sita ilikuwa sita ya muuzaji.

Nimekukamata, baba, nikasema kwa sauti,
na mlinzi akachungulia mlangoni
kuona ninaongea na nani.

Aliyedanganya amekufa. Aliyedanganywa amekufa,
na tanuru lake lililosongwa na masizi
limeshauzwa chuma chakavu.
Nikajaza cheti hata hivyo: unyevu, gesi, majivu, tarehe ya leo.
Penye jina la mteja nikaacha wazi.

Asubuhi nilikwenda kununua makala.
Nikatumbukiza mkono hadi chini ya ndoo.
Mama Ngosa alinitazama kwa muda,
kisha, bila neno, akaniongezea vipande viwili.