Hendeli ya Tatu

Fundi Ambokile kamwaga hendeli tatu juu ya gunia, Mwanjelwa:
"Chagua. Shingo ya baiskeli yako ni ya kizamani."

Ya kwanza inang'aa, lakini inacheza kwenye kibano.
Pungufu milimita moja tu,
na hiyo moja, mteremko wa Mlima Nyoka, ni mazishi.
"Tutie kipande cha kopo la soda?"
Sitaki.

Ya pili pana, ya mabega ya mwanamume.

Ya tatu ina mikwaruzo, imejikunja kama pembe za beberu;
jasho la mtu nisiyemjua limeacha chumvi kwenye utepe.
Naishika chini, palipopinda.
Vidole vinafika breki.
Baridi ya Uyole inanipiga usoni,
na baiskeli bado imepinduliwa, haina gurudumu.

"Shilingi ngapi?"
Anatazama mikono yangu, si mkoba.