Mche wa Mia na Hamsini

Oktoba. Mijakaranda imemwaga zambarau
hata magari yanapita kwa adabu,
na kwenye lango la mawe, Barabara ya Limuru,
wametundika kibao: Leo bustani ziko wazi.
Nyumba kongwe nne. Shilingi elfu mbili na mia tano.
Watoto chini ya miaka sita, bure.

Mimi nina hamsini na minane. Nimelipa.
Noti zangu zilikuwa na udongo;
msichana wa tiketi akazipokea kwa ncha za vidole,
akanipa karatasi ya kubandika kifuani: MGENI.

Miaka ishirini na miwili nauza miche
kule bondeni, penye mzunguko wa barabara,
katika makopo ya mafuta na pakiti za maziwa.
Kioo cha gari hushuka nusu. Mkono hutoka.
Bei gani? Mia tatu. Mia.
Haya, mia na hamsini, wewe ndiwe wa kwanza leo.
Kioo hupanda,
na mche huondoka umeketi kiti cha nyuma
kama bibi harusi.
Nimeoza maelfu.
Sijaalikwa harusi hata moja.

Basi leo nimejinunulia mwaliko.

Kijana Lekishon anatutangulia na mwavuli mwekundu.
Mawe haya, anasema, yalichongwa kwa mikono.
Ya nani, hasemi.
Hapa mahali pa kuotea moto, hapa pembe za pofu,
hapa saa iliyokoma saa tano kasorobo
na hakuna aliyethubutu kuitia ufunguo.
Wageni wanapiga picha dari.
Mimi macho yangu yako dirishani,
mzazi siku ya kutembelea shule ya bweni.

Na kweli, yule pale gadenia! Amenenepa.
Mlimau umepata watoto, hauna hata haya.
Bogenvilia amekuwa jeuri, kapanda juu ya tangi la maji.
Nikapita nikiwagusa majani, mmoja mmoja,
kimyakimya, nisije nikatolewa nje.

Kwenye baraza, yasmini.
Hii, anasema Lekishon, ililetwa kwa meli
na mke wa mwenye nyumba wa kwanza. Miaka tisini!
Wote: aaa.

Nikainama.
Penye goti la shina, gome limemeza kitambaa,
ncha tu imebaki nje, njano iliyogeuka chai.
Leso yangu.
Niliichana asubuhi ile kanjo walipotumwagia miche mtaroni
na huyu akavunjika kiuno.
Nduku alishika tawi, mimi nikafunga gango.
Nduku, ambaye sasa naye yuko chini ya udongo,
alisema, huyo tupa.
Nikasema, akipona nitamuuza bei nzuri.
Alipona.
Nilimuuza mia na hamsini.

“Wewe ni wa mzunguko.”
Nyuma yangu bibi kizee, mkongojo, viatu vya mvua,
mwenye nyumba mwenyewe.
“Ulinidanganya. Ulisema mwaka mmoja itachanua.
Ilichukua minne.”
Nikasema, ulikuwa unaimwagia maji kupita kiasi.
Akafikiri.
“Ni kweli,” akasema.
Kisha, kwa sauti ya chini:
“Ile ya meli ilikufa na ukame. Usimwambie kijana,
amekesha akikariri.”

Tukasimama pale, wanawake wawili
na mti mmoja wenye mama wengi,
harufu ikitupitia bila kuuliza tiketi.

Nikamwomba kitawi cha kupanda.
Akatoa mkasi mfukoni mwa koti.
“Mia tatu,” akasema.

Mia, nikamwambia,
na mwavuli mwekundu ulikuwa umeshafika nyumba ya tatu,
na sisi bado hatujakubaliana.